Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo asirudishwe darasani kimyakimya

Mchango wa kumpeleka mtoto kufanyiwa upasuaji wa moyo ni jambo ambalo takriban kila mwalimu wa nchi hii amewahi kuliona kwa macho yake. Barua huletwa ofisini, kadi za harambee hugawanywa, kikapu huzungushwa siku ya mkutano wa wazazi, nao waumini wa kanisa au msikiti wa jirani huongeza chao. Jijini Nairobi maelfu ya watu wamekimbia katika mbio za hisani za Hospitali ya Mater ili watoto wa maskini nao wapate matibabu hayo. Mtoto akisafiri, iwe ni Nairobi au India, twamwombea. Akirejea, vigelegele vyapigwa, picha zapigwa, na habari yake yaishia hapo. Mimi leo nataka kuanzia pale wengine wanapoishia.

Haifichiki kwamba maradhi haya ni mengi kuliko tunavyodhani. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya watoto 100 wanaozaliwa duniani, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya moyo. Kasoro nyingine ni ndogo na hujirekebisha zenyewe mtoto anapokua. Nyingine hazina budi kufanyiwa upasuaji. Kuna tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo. Kuna mshipa uliopaswa kujifunga baada ya mtoto kuzaliwa, nao ukakataa kujifunga. Kuna pia mkusanyiko wa kasoro 4 ulioitwa kwa jina la daktari Mfaransa, Fallot, ambao humfanya mtoto awe na midomo na kucha za rangi ya samawati, na kuchuchumaa katikati ya mchezo ili aipate pumzi yake. Zamani wengi wa watoto wa namna hii walizikwa kabla ya kuujua mlango wa shule. Siku hizi wamo madarasani mwetu, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu na madaktari.

Hata hivyo, kufika darasani si sawa na kupona. Daktari humaliza kazi yake ya kukata na kushona kwa muda wa saa chache. Kupona huchukua wiki, miezi, na kwa wengine umri mzima. Sehemu kubwa ya kupona huko hutukia nyumbani na shuleni, mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewaeleza lolote. Nashikilia kwamba kimya hiki ni hatari, na kwamba dawa yake ni rahisi kuliko upasuaji wenyewe: ni karatasi moja iliyoandikwa kwa lugha inayoeleweka.

Historia ya upasuaji huu inatoa ushahidi wa kutosha. Mnamo tarehe 26 Machi 1954, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota mjini Minneapolis, Marekani, daktari C. Walton Lillehei aliufungua moyo wa mtoto wa umri wa mwaka 1 na mwezi 1, akaziba tundu lililokuwa kati ya vyumba viwili vya chini. Wakati huo mashine ya kushika zamu ya moyo na mapafu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kutumika, nayo haikuaminika. Kwa hiyo Lillehei aliiunganisha mishipa ya mtoto na ya babake. Baba akalazwa kando ya mwanawe, moyo na mapafu yake yakawafanyia kazi wote wawili. Tundu likazibwa, mtoto akatolewa chumba cha upasuaji akiwa hai. Siku 11 baadaye akafa kwa nimonia. Madaktari walipouchunguza moyo wake waliona tundu limezibwa barabara. Kisu kilikuwa kimeitimiza kazi yake. Kilichomwua mtoto ni safari ya kupona.

Lillehei hakukata tamaa. Katika muda wa mwaka mmoja na ushei aliwapasua wagonjwa 45 kwa njia hiyo, wengi wao wakiwa watoto, na 28 kati yao wakaenda kwao wakiwa hai. Ndipo likazuka tatizo jingine. Sindano inayoshona tundu la moyo hupita karibu sana na nyuzi zinazopeleka amri ya umeme wa moyo kutoka vyumba vya juu hadi vya chini. Nyuzi hizo zikijeruhiwa, vyumba vya juu hupiga mdundo wao, vya chini hupiga wao wa polepole, na damu haifiki inakotakiwa. Watoto waliopatwa na msiba huo walisaidiwa na mashine kubwa iliyochomekwa ukutani, na mtoto hangeweza kwenda mbali kuliko urefu wa waya wake. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulipotea mjini Minneapolis. Lillehei akamwendea fundi mmoja, Earl Bakken, aliyekuwa na karakana yake katika gereji, na baada ya wiki chache Bakken akaunda kifaa kidogo chenye betri ambacho mgonjwa aliweza kukivaa. Wazee wengi wanaoishi leo kwa vifaa vya kuongoza mapigo ya moyo wana deni kwa watoto wale, ambao walikuwa wameshashonwa ila hawajapona.

Turudi kwetu. Siku za kwanza baada ya upasuaji mtoto huwa mikononi mwa mabingwa, katika chumba cha wagonjwa mahututi. Huko moyo huweza kulegea kwa saa kadhaa, au mapigo yakaenda mbio pasipo sababu, au nguvu ya damu katika mishipa ya mapafu ikapanda ghafla. Hili la mwisho humpata hasa mtoto aliyecheleweshwa, ambaye mapafu yake yamemiminiwa damu kupita kiasi kwa miaka. Katika nchi zilizoendelea tundu kubwa huzibwa mtoto akiwa na umri wa miezi. Wetu wengi hufikishwa wakiwa na umri wa miaka, na baadhi hufikishwa mapafu yameshaharibika hata daktari akasema kwamba kuliziba tundu sasa ni kumwua. Huo ni msiba unaostahili makala yake peke yake. Nauacha kwa leo kwa sababu moja: hospitalini kuna mashine zinazolia mambo yakiharibika. Nyumbani na shuleni hakuna kinacholia.

Jambo ambalo ningetaka kila mwalimu alijue kabla ya yote ni maji yanayojikusanya kuuzunguka moyo. Moyo umo ndani ya mfuko mwembamba, na daktari hana njia ya kuufikia bila kuukata mfuko huo. Baada ya kukatwa, kinga ya mwili wa mtoto mwenyewe huweza kuugeukia mfuko kana kwamba ni adui. Mfuko ukafura na kutoa maji. Haya hayatokei siku ya kwanza. Aghalabu hutokea kati ya wiki ya 1 na ya 6, wakati mtoto yuko nyumbani, kidonda kimekauka, na jamaa wameshatoa shukrani kanisani. Tena hayachagui upasuaji mkubwa. Mtoto aliyezibwa tundu kati ya vyumba vya juu, upasuaji ambao madaktari wenyewe huuhesabu kuwa mwepesi, anaweza kupatwa nayo, na walio na umri wa kwenda shule hupatwa zaidi ya watoto wachanga. Dalili zake ni homa, uchovu, kukosa hamu ya chakula, kutapika, na maumivu ya kifua ambayo huzidi mtoto anapolala chali, yakapungua anapoketi na kuinama mbele. Maji yakiwa mengi, huubana moyo usiweze kujaa damu, na mtoto huweza kufa kwa muda wa saa chache. Yakigunduliwa mapema hutibiwa kwa dawa za kutuliza uvimbe, au hutolewa kwa sindano, na mtoto akarudi kwenye michezo yake.

Sasa zitazame dalili hizo kwa macho ya mtu wa kwetu. Homa, uchovu, kutapika: nani hatasema ni malaria? Katika mtaa ninakoishi palikuwa na msichana wa miaka 9 aliyezibwa tundu la moyo. Wiki ya 3 akashikwa na homa. Zahanati moja ya karibu ikampa dawa ya malaria bila hata kumtoboa kidole ili damu ipimwe. Kesho yake akatapika, wakarudi, wakaambiwa ni minyoo. Aliyemwokoa ni nyanyake, ajuza ambaye hakuwahi kuketi katika dawati, na hoja yake ilikuwa moja tu. "Mtoto huyu tangu azaliwe hulala chali," alisema, "na tangu juzi analala ameketi. Mimi minyoo naijua, haimketishi mtu usiku kucha." Wakakodi gari usiku ule ule hadi hospitali kuu, na kulipopambazuka alikuwa amekwisha kutolewa maji ya kujaza chupa ya soda. Muhula uliofuata nilimwona amevaa sare yake. Nilipomwuliza babake kama walikuwa wameonywa, alinitolea karatasi waliyopewa siku ya kutoka hospitalini. Ilikuwa na mistari 4 ya Kiingereza cha kidaktari na tarehe ya kliniki.

Nasema wazi kwamba karatasi ile ni aibu. Siwalaumu madaktari kwa uchache wao. Tunajua jinsi wataalamu wa moyo wa watoto walivyo wachache, na jinsi walivyorundikana Nairobi ilhali mgonjwa anatoka Lodwar au Garissa. Lakini uchache huo ndio hasa unaotulazimisha kuyaeneza maarifa. Ikiwa daktari yuko mwendo wa siku nzima, basi mwenye macho ya kumtazama mtoto kila siku ni mzazi na mwalimu, na macho yasiyojua yanachotafuta hayaoni.

Kuna na maji mengine, haya ya kifuani, meupe kama maziwa. Kifuani hupita mrija mwembamba unaobeba mafuta ya chakula kutoka matumboni na kuyaingiza katika damu. Ukijeruhiwa wakati wa upasuaji, mafuta hayo humwagika na kuyabana mapafu. Matibabu yake ya kwanza ni kumnyima mtoto vyakula vya mafuta kwa muda wa wiki kama 6. Kwa mpishi wa shule agizo hilo ni kitendawili, kwa kuwa mtoto mwenyewe amekonda, mbavu zahesabika, na desturi yetu ni kumpa aliyekonda maziwa, parachichi na kipande cha nyama iliyonona. Wakati wa mapumziko mwenzake atamkatia mandazi nusu kwa wema wake. Mwalimu mwenye huruma asiyejua lolote atamwongezea maziwa, na huruma hiyo ndiyo itakayomrudisha wodini.

Juu ya mfupa wa kidari sina mengi. Daktari huukata katikati kwa msumeno na kuufunga kwa waya, nao huhitaji wiki 6 hadi 8 ili ushikane. Wakati huo mtoto asibebe mkoba wa vitabu uliojaa, asichote maji, asipande mti, asicheze kandanda, wala mtu asimwinue kwa kumvuta mikono. Kidonda kikianza kutoa usaha, au mfupa ukisikika ukilia anapogeuka, hilo si la kupaka dawa ya dukani.

Wapo ambao wamewekewa vali za bandia. Baadhi yao hulazimika kumeza dawa iitwayo warfarini kwa miaka mingi, pengine maisha yao yote, ili damu isigande kwenye vali. Dawa ikipungua, donge la damu huweza kukatika, likapanda kichwani na kuleta kiharusi. Ikizidi, mtoto huvuja damu kwa kugongwa kidogo tu. Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wa sayansi watalifurahia. Mboga za majani, sukuma wiki ikiwamo, zina vitamini K, na vitamini hiyo hushindana na dawa hii. Wazazi wengi wakisikia hivyo humkataza mtoto mboga kabisa. Sivyo. Anachotakiwa ni kula kwa kipimo kisichobadilikabadilika, ili dawa ipimwe kulingana na chakula chake. Mfikirie basi mwanafunzi wa bweni anayekula ugali na sukuma wiki kila jioni kwa miezi 3, kisha akaenda likizo kwa shangazi asiyepika mboga hizo. Damu yake haitakuwa ile ile, na hakuna ajuaye sababu. Mtoto huyo akilalamika kichwa, asipewe aspirini wala dawa yoyote ya maumivu kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza kabla ya daktari wake kuulizwa. Akiangukia kichwa uwanjani, apelekwe hospitali saa iyo hiyo, hata kama anacheka.

Vilevile kuna suala la meno, ambalo kwetu huonekana dogo. Vijidudu vya kinywani huingia katika damu kupitia jino bovu au ufizi unaotoka damu, vikang'ang'ania mahali palipotiwa kiraka au vali. Homa yake huanza pole pole, wiki hadi wiki, na huweza kuiharibu kazi yote ya daktari. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji apige mswaki kwa bidii, na kabla ya kung'olewa jino daktari wa meno aambiwe, kwani baadhi ya watoto hawa huhitaji kupewa dawa ya kuua vijidudu kwanza. Na ule ushenzi wa kumkata mtoto kimio kwa kisu cha mganga eti kutibu kikohozi, ambao ni hatari kwa kila mtoto, sembuse huyu, ukomeshwe.

Hayo yote ni ya mwili, na mwalimu anaweza kuniambia kwamba hakusomea udaktari. Naam, hakusomea. Lakini yapo matatizo mengine ya kupona ambayo daktari hawezi kuyaona, na ambayo mwalimu pekee ndiye huyaona, kwa sababu hujitokeza mbele ya ubao.

La kwanza ni sauti. Neva inayoongoza nyuzi za sauti upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, ikajipinda chini ya mshipa mkuu wa damu, kisha ikapanda tena kooni. Upasuaji wa kufunga mshipa ule uliokataa kujifunga, au wa kuupanua mshipa mkuu, huweza kuijeruhi. Mtoto hubaki na sauti ya kukwaruza, hafifu, na mara nyingine hupaliwa anapokunywa maji. Sasa mpe mtoto huyo kitabu cha Kiswahili asome kifungu kwa sauti mbele ya wenzake 50. Mwalimu atamwambia apaze sauti, hataweza, darasa litacheka. Wiki ya pili atajifanya hajui kusoma, kwa kuwa kuitwa mjinga ni nafuu kuliko kuchekwa.

La pili ni akili, na hapa naomba msomaji anifuate kwa makini. Kuanzia mwaka 1988, watafiti mjini Boston waliwafuatilia watoto waliofanyiwa upasuaji wakiwa wachanga kwa sababu mishipa yao miwili mikuu ya moyo ilikuwa imebadilishana mahali. Waliwapima walipofikisha miaka 8, wakawapima tena walipofikisha 16. Akili yao kwa jumla ilikaribia ya watoto wengine. Hata hivyo wengi walikuwa na upungufu wa namna yake: katika kukaza fikira, katika kukumbuka, na katika kuyaelewa maumbo na nafasi. Walipofika miaka 16, zaidi ya nusu yao walikuwa wamehitaji msaada wa ziada wa masomo au wa tabia. Mwaka 2012 Shirika la Moyo la Marekani lilitoa mwongozo kwamba watoto wa aina hii walio katika hatari kubwa wachunguzwe mapema, na wachunguzwe tena kadiri wanavyokua. Mwongozo huo ukafanyiwa marekebisho mwaka 2024.

Sababu zake ni nyingi. Ubongo wa baadhi yao hukosa oksijeni ya kutosha tangu tumboni mwa mama. Huongezwa juu yake muda wa kuwa mashineni, vidonge vya damu vinavyoweza kuponyoka, siku nyingi za kulazwa, na kukosa michezo ya utotoni. Si kila mtoto hupatwa na haya; aliyezibwa tundu dogo huenda asionyeshe dalili yoyote. Lakini kwa wale waliozaliwa na kasoro kubwa, ni jambo la kutarajiwa.

Darasani huonekana hivi. Mtoto hunakili kutoka ubaoni polepole, na tarakimu zake za hesabu hazikai safu moja. Ukimpa maagizo 3 kwa pamoja atatimiza la kwanza na kusahau mawili. Kalamu humchosha. Hujibu vyema kwa mdomo, kisha akafeli kwa maandishi. Katika ripoti ya muhula ataandikiwa kwamba ni mvivu, au kwamba anaweza kufanya vyema zaidi akitia bidii. Nimefundisha kwa miaka mingi, na sentensi hiyo naijua kwa moyo. Imeandikwa juu ya watoto wengi ambao bidii ndiyo kitu pekee walichokuwa nacho. Mtoto huyo aketishwe mbele. Apewe agizo moja moja. Apunguziwe kunakili na aongezewe muda. Kaunti zetu zina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, na Baraza la Mitihani huruhusu muda wa ziada kwa watahiniwa wa aina hiyo. Sioni sababu ya shule kutomwombea mtoto wa moyo nafasi hiyo kwa kuwa tu ulemavu wake hauonekani kwa macho.

Nisieleweke vibaya. Lipo kosa la upande wa pili, nalo ni la kumgeuza mtoto kuwa yai. Nimewaona watoto waliokwisha kuruhusiwa na madaktari kukimbia na kuruka, ilhali shule yawaketisha chini ya mti kila kipindi cha michezo, mwaka baada ya mwaka, kwa hofu. Moyo uliotengenezwa unahitaji mazoezi kama mwingine, isipokuwa kwa wachache ambao daktari amewawekea mipaka. Mtoto anayeketishwa chini ya mti hujifunza kwamba yeye ni mgonjwa, na wenzake hujifunza hivyo hivyo. Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, kovu la kifuani mwa mwenzenu mkiliona mkibadilisha sare za michezo, msiliulize kwa kelele. Akitaka kulisimulia atawasimulia.

Najua jibu litakalotolewa. Walimu wamelemewa, madarasa yamefurika, mitaala inabadilika kila uchao, na sasa mwalimu ataongezewa uuguzi. Sikubaliani na hoja hiyo. Simwombi mwalimu atibu, namwombea aambiwe. Anayeuguza asichokijua ndiye huchoka zaidi.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti mpya. Hakuna mtoto anayepaswa kutoka hospitalini baada ya upasuaji wa moyo bila barua kwa shule yake, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi. Iseme alifanyiwa nini, dawa gani anameza na saa ngapi, asifanye nini na hadi tarehe gani, ale nini, dalili zipi zikitokea apelekwe hospitali siku iyo hiyo bila kupitia dawa ya malaria ya kubahatisha, na nambari ya simu ya wodi ambayo itajibiwa. Mzazi aipeleke mwenyewe na kuisoma pamoja na mwalimu wa darasa, si kuiacha kwa karani. Vyuo vya ualimu navyo vitenge kipindi kimoja, wakati wanafunzi wao wanapofundishwa elimu ya mahitaji maalumu, wafunzwe kuisoma barua kama hiyo.

Na barua yenyewe isifungiwe katika kabati la mwalimu mkuu. Nakala ibandikwe ndani ya jalada la daftari la mahudhurio, na ya pili apewe matroni wa bweni, kwa sababu mwalimu wa zamu wa siku ya Jumamosi usiku hana ufunguo wa kabati hilo.